Maji ya mizizi ya huangqi na swali la mama mdogo

Mwezi uliopita mama mdogo, ambaye analima mwani pale Mlingotini tangu nikiwa mtoto wa darasa la pili, alinijia nyumbani hapa Bagamoyo mjini akiwa na kopo la bati alilolizungushia kanga kama mtu aliyebeba yai. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuniarifu kwamba bamvua lilikuwa jema na kamba zake zimejaa, aliifungua kanga akaliweka kopo mezani. Lilikuwa na maandishi ya Kichina pande zote, na ubavuni mtu alikuwa amebandika karatasi nyeupe yenye maneno ya Kiswahili: polisakaridi za huangqi, huongeza kinga, hushusha sukari. "Mwanangu," akasema, "wewe ndiye unayefundisha kemia. Niambie, hii polisakaridi ni kitu gani, na je, ni kweli inashusha sukari?"

Lilikuwa swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani, lakini kabla ya kemia kulikuwa na jambo la haraka. Mama mdogo ana kisukari, huu ni mwaka wa saba, na hutumia metformini asubuhi na jioni. Nilipomuuliza kama bado anameza vidonge vyake alinyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba aliyemuuzia kopo lile kwa shilingi 85,000 alimshauri apunguze vidonge nusu ili dawa ya asili ipate nafasi ya kufanya kazi, naye alikuwa amefuata ushauri huo kwa wiki tatu. Kesho yake asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, tulimpima sukari kwa mashine, ikasoma 13.6, juu kupita kiasi. Tulikwenda kliniki siku ileile, akarudishwa kwenye dozi yake kamili, na ndipo tukapata utulivu wa kuzungumza habari za kopo. Yaliyofuata ninayaandika hapa kwa sababu makopo ya namna ile nimeyaona katika nyumba zaidi ya moja katika mji huu, na mtu aliyetoa fedha yake kwa ajili ya afya yake anastahili kupewa jibu kamili.

Polisakaridi ni sukari nyingi zilizoungana zikafanya mnyororo mmoja mrefu. Chukua glukosi, sukari ileile inayopimwa katika damu ya mgonjwa, uione kama ushanga mmoja. Tunga shanga hizo mamia au maelfu katika uzi, na hapo umepata polisakaridi. Wanga wa muhogo ni polisakaridi. Nyuzi za pamba nazo ni polisakaridi, tena zimetungwa kwa ushanga uleule wa glukosi, na tofauti ya vitu hivi viwili iko katika namna kila ushanga ulivyoshikana na jirani yake. Vimeng'enya vya mate na vya utumbo wetu vinaijua namna ya kwanza ya kushikana, kwa hiyo ugali wa muhogo huvunjika ukawa glukosi na kuingia katika damu. Namna ya pili havijui kuifungua, kwa hiyo uzi wa pamba ukiumeza utatoka kama ulivyoingia. Jambo hili dogo la namna ya kushikana ndilo linaloamua kama kitu ni chakula, ni nguo, ni kuni au ni dawa, nami humwomba kila msomaji alishike vizuri kwa sababu ndilo litakaloturudisha kwenye kopo la mama mdogo.

Huangqi ni mmea wa jamii ya mikunde, ndugu wa mbali wa kunde na choroko zetu, na wataalamu wa mimea huuita Astragalus membranaceus. Huota kaskazini mwa China, katika mikoa kama Shanxi na Gansu na katika Mongolia ya Ndani, kwenye nchi kavu yenye baridi kali, na kinachotumika ni mzizi wake mrefu ambao ukikatwa vipande huonekana wa manjano katikati. Umetajwa katika kitabu cha kale cha dawa kinachonasibishwa na Shennong, chenye dawa 365, na tabibu Li Shizhen, ambaye kitabu chake kikubwa cha dawa kilichapishwa mwaka 1596, alieleza kwamba umeitwa hivyo kwa sababu rangi yake ni ya manjano na kwa sababu ndio mzee wa dawa zote za kuongeza nguvu. Kwa hiyo jina lake tukilitafsiri kwa lugha yetu ni mzee wa manjano. Mama mdogo alilipenda jina hilo sana, na tangu siku ile hasemi huangqi tena.

Matabibu wa China hawakujua neno polisakaridi. Walichokijua ni kwamba mzizi huu huchemshwa. Huloweshwa kwanza katika maji, kisha hupikwa polepole katika chungu cha udongo, maji yakachujwa, mzizi ukatiwa maji mengine na kupikwa tena, halafu maji ya kwanza na ya pili yakachanganywa. Mwaka 1247 tabibu Li Dongyuan aliandika dawa moja ya vitu viwili tu, huangqi sehemu tano na danggui, mzizi mwingine wa Kichina, sehemu moja, kwa ajili ya watu waliopungukiwa damu, na dawa hiyo inachemshwa hadi leo kwa kipimo kilekile. Kitabu rasmi cha dawa cha China cha siku hizi hutaja gramu 9 hadi 30 za mzizi mkavu kwa siku. Tuzitazame gramu hizo kwa makini, kwa maana huo ni mzizi wa kujaza kiganja, ilhali ndani ya kopo la mama mdogo kulikuwa na kijiko cha plastiki kisichotosha hata gramu 2.

Kwa nini kuchemsha? Hapa ndipo kemia inaponifurahisha zaidi, na ninaomba nikae kidogo. Minyororo mirefu ya sukari, mingi yake ingawa si ile ya pamba, hupenda maji, hasa maji ya moto. Joto hulegeza kuta za seli za mzizi, minyororo ikatoka taratibu na kuelea, na ndiyo maana mchemsho wa mizizi mingi huwa mzito kidogo ukipoa. Pombe kali haiwezi kuitoa. Kinyume chake, ukimimina pombe katika mchemsho, minyororo hukimbiliana na kutuama chini, na viwandani ndivyo polisakaridi za huangqi zinavyopatikana: mzizi huchemshwa, maji huchujwa na kupunguzwa kwa moto, kisha humiminiwa pombe mpaka mashapo yakajitenga, yakakaushwa.

Linganisha na mmea mwingine wa China ambao sisi wa pwani tunaufahamu kupitia dawa mseto ya malaria. Mwaka 1971 mtafiti Tu Youyou, akitafuta dawa ya malaria, alirudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4, ambayo yalisema uchukue konzi moja ya qinghao, ndio mmea wenyewe, uloweke katika maji, ukamue, unywe. Palikuwa na kukamua, hapakuwa na kuchemsha. Tu Youyou akafikiri kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka katika nyuzi joto 35 hivi tu, na hapo artemisinini, kiini cha dawa mseto, ikapatikana. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Molekuli ya artemisinini ina uzito wa 282, ndogo ya kupenya utumbo na kuingia katika damu. Polisakaridi za huangqi zina uzito wa maelfu, nyingine malaki, na nyingine huvuka milioni. Mmea mmoja unakataa moto na mwingine unautaka, na mtu anayeuza dawa za mitishamba bila kujua ni kipi kilichomo anaweza kumuuzia mwenzake maji matupu kwa nia njema kabisa.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua mama mdogo hadi maabara ya shule. Nilikuwa na vipande vya huangqi vilivyonunuliwa katika duka moja la dawa za Kichina Dar es Salaam, nilikuwa na bamia kutoka sokoni, nilikuwa na unga wa muhogo, na kopo lake lilikuwa katikati ya meza. Nilianza na bamia kwa sababu ute wake kila mtu anaujua. Nilizikata, nikazichemsha, nikayachuja maji kwa kitambaa cheupe, nikayaacha yapoe, kisha nikayamiminia ethanoli baridi, mara tatu ya ujazo wake, mbali na moto. Katika bilauri palitokea kitu kama wingu, halafu wingu likajikusanya likawa nyuzi nyeupe zinazoning'inia, na nilipoingiza kijiti na kukizungusha nyuzi zilijiviringisha juu yake kama tambi laini. Mama mdogo aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akazigusa nyuzi kwa ncha ya kidole, akazisugua kati ya kidole na gumba, akasema: "Hii ni ileile ya kotonii. Tukichemsha mwani kwa ajili ya sabuni, unashika mkono hivihivi."

Alikuwa amesema kweli tupu, wala sikuwa nimemwambia. Mwani mwekundu anaoulima, ule wanaouita kotonii na mwenzake spinosumu, hununuliwa na viwanda vya nje kwa sababu ya polisakaridi iitwayo karagini, ambayo ni mnyororo wa galaktosi wenye vipande vya salfeti, na ndiyo inayoshikilia dawa ya meno na maziwa ya barafu visitengane. Miaka yote hiyo amekuwa akifunga polisakaridi kwenye kamba, akazikausha kwenye mchanga na kuzitia katika magunia, akalipwa kwa kilo moja fedha ambayo haikaribii bei ya kijiko kimoja cha lile kopo. Sisemi kwamba karagini ni dawa ya kisukari, kwa maana mnyororo wake ni mwingine na kazi yake ni nyingine. Ninasema tu kwamba neno lililomtoa mama mdogo shilingi 85,000 lilikuwa jina la kitu ambacho mikono yake inakijua kuliko mikono ya aliyemuuzia.

Mchemsho wa huangqi ulifuata. Gramu 30 za vipande, maji mara mbili, moto mdogo kwa saa moja na nusu kwa jumla. Harufu yake ni tamu yenye udongo ndani, karibu na ya maharage yaliyoanza kuiva. Ethanoli ilipomiminwa hapakutokea nyuzi kama za bamia. Kilichotokea ni mashapo mepesi ya rangi ya maziwa yaliyochangamana na chai, yaliyotuama polepole, na nilipoyakausha siku ya pili mizani ya shule ilionyesha kama gramu 2. Katika mashapo hayo, kwa mujibu wa kazi za wanakemia waliouchunguza mmea huu kwa miaka mingi, kuna minyororo ya glukosi pekee, na kuna minyororo yenye matawi iliyochanganya galaktosi, arabinosi, ramnosi na asidi ya galakturoni. Polisakaridi ya huangqi, kwa hiyo, ni familia nzima, na wanafamilia wake hutofautiana kwa ukubwa, kwa matawi na kwa tabia kufuatana na mahali mmea ulipoota, umri wa mzizi na namna ulivyopikwa.

Mwisho tulilifungua kopo. Nilitia kidogo ya unga wake katika maji, katika chombo kingine nikatia unga wa muhogo, na katika cha tatu maji ya mizizi tuliyochemsha, kisha kila kimoja nikakidondoshea tone la iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Iodini ikikutana na wanga hujipenyeza ndani ya mviringo wa mnyororo wake na rangi hugeuka ikawa bluu nyeusi. Maji ya mizizi yaligeuka rangi kidogo tu, jambo la kutarajiwa, kwa kuwa mzizi wa huangqi nao una wanga kidogo wa asili. Chombo cha muhogo kilikuwa cheusi kama wino. Chombo cha kopo nacho kilikuwa cheusi kama wino, na vikiwekwa pamoja dirishani sikuweza kuvitofautisha.

Ni lazima niwe mwangalifu hapa, kwa sababu tone la iodini si hukumu. Huenda ndani ya kopo mna huangqi ya kweli iliyochanganywa na wanga ili iwe unga mkavu usioshikana, na viwanda vingi vya dawa hutumia wanga kwa kazi hiyo bila kosa lolote. Lakini karatasi iliyobandikwa ilisema polisakaridi asilimia 50, na mtu akiniuliza kama karatasi hiyo ilisema uongo nitalazimika kujibu kwamba huenda haikusema, na hilo ndilo linaloniuma. Wanga ni polisakaridi. Unga wa muhogo uliosafishwa vizuri ungeweza kubandikwa karatasi ya asilimia kubwa zaidi. Kipimo kinachotumika sana katika maabara, cha fenoli na asidi kali ya salfa, huvunja kila mnyororo ukawa sukari moja moja na kusoma rangi ya machungwa inayotokea. Hakiulizi mnyororo ulitoka katika mzizi wa Shanxi au katika shamba la muhogo la Kiwangwa. Ndiyo maana karatasi inayotaja polisakaridi kwa jumla, bila kusema ni za namna gani na zilipimwaje, haijamwambia mnunuzi jambo lolote la maana, hata kama kila herufi yake ni ya kweli.

Tuseme sasa kwamba kopo lina huangqi safi. Ingefanya nini ndani ya mwili? Minyororo mikubwa kiasi kile haipenyi ukuta wa utumbo kwa wingi. Sehemu kubwa hufika katika utumbo mpana ikiwa nzima, na huko bakteria wanaoishi nasi huila na kuichachusha, wakatoa asidi ndogo kama asetati, propionati na butirati, ambazo seli za utumbo huzitumia na mwili hunufaika nazo. Kazi hiyo hufanywa pia na nyuzinyuzi za bamia, za kunde na za ubuyu. Aidha, ukuta wa utumbo umejaa askari wa kinga, na baadhi ya minyororo huweza kuwaamsha hapohapo. Katika maabara jambo hilo limeonekana wazi: polisakaridi za huangqi huwaamsha makrofeji, zile seli za kinga zinazomeza vijidudu, kwa kushika kipokezi kiitwacho TLR4, na kwa panya ambao kipokezi hicho kina hitilafu mwamko huo hupotea.

Ni ugunduzi mzuri, nami naupenda, ila una mtego ndani yake ambao watafiti waangalifu wanaujua. Kipokezi kilekile cha TLR4 ndicho mwili unachokitumia kunusa sumu ya ukuta wa bakteria wa namna fulani, na mizizi hutoka ardhini, ardhi imejaa bakteria. Polisakaridi isiyosafishwa vizuri inaweza kuamsha kinga kwa sababu ya uchafu uliofuatana nayo, na mpimaji akaandika kwamba ni kazi ya mzee wa manjano. Jambo jingine ni njia ya kuingilia. Mwaka 2010 Taiwan iliidhinisha dawa ya polisakaridi za huangqi kwa ajili ya uchovu mkali wa wagonjwa wa saratani, na Japani iliidhinisha mwaka 1985 polisakaridi ya uyoga wa shiitake, iitwayo lentinani, kutumika pamoja na dawa za saratani ya tumbo. Zote mbili ni za sindano, zilizosafishwa na kutolewa hospitalini chini ya daktari. Unga unaokorogwa katika kikombe cha chai hauwezi kujitwalia sifa za sindano hizo.

Kuhusu sukari, ambayo ndiyo iliyokuwa haja ya mama mdogo, tafiti nyingi zimefanywa kwa panya walioharibiwa kongosho kwa kemikali, na wengi wa panya hao sukari yao ilishuka. Tafiti za watu ni chache na ndogo, na mara nyingi huangqi ilitolewa pamoja na dawa za kawaida, wala haikuchukua nafasi yake. Hakuna mahali ambapo sayansi ilimruhusu muuzaji yeyote kumwambia mgonjwa apunguze metformini.

Polisakaridi zilizothibitika zipo, na nimeona vema nizitaje ili mtu asidhani kwamba ninapinga jambo lote. Nafaka iitwayo oti ina mnyororo uitwao beta-glukani, na mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikubali kwamba gramu 3 zake kwa siku, katika mlo wenye kolesteroli kidogo na mafuta machache yaliyoshiba, yaani yale yanayoganda, hupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa kushusha kolesteroli. Zipo pia polisakaridi ambazo wazazi wa Bagamoyo huwapelekea watoto wao kliniki bila kujua jina lake: chanjo ya nimonia ambayo mtoto huchomwa pajani akiwa na wiki 6, 10 na 14 imetengenezwa kwa minyororo ya sukari ya ganda la bakteria, iliyounganishwa na protini kwa sababu kinga ya mtoto mchanga haiutambui vizuri mnyororo mtupu. Kila neno katika maelezo ya chanjo hiyo lina kipimo nyuma yake: ni minyororo ipi, ni mikrogramu ngapi, na imeunganishwa na nini.

Na sisi wa mji huu hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza jinsi dawa inavyothibitishwa. Kati ya mwaka 2009 na 2014 watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika walishiriki katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, na vituo viwili vya Tanzania vilikuwa Bagamoyo hapa na Korogwe kule mkoani Tanga. Wako majirani zangu ambao watoto wao walikuwamo. Wazazi walielezwa, wakaulizwa, wakatia sahihi au wakakataa. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa chanjo yenyewe na wengine chanjo ya ugonjwa mwingine kabisa, kwa wakubwa kidogo ile ya kichaa cha mbwa, ili pawe na wa kulinganisha nao. Kisha wakafuatiliwa miaka kadhaa. Kwa watoto waliopata dozi zote nne wakiwa na umri wa miezi mitano na kuendelea, chanjo ilipunguza matukio ya malaria kwa asilimia 36 hivi, nayo takwimu hiyo ilitangazwa hadharani ilivyo, na Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021 lilikuwa na ushahidi huo mkononi. Nilimkumbusha mama mdogo habari hii, kwa kuwa mjukuu wake mmoja alikuwamo, nikamuuliza ni nani aliyefuatiliwa miaka minne akinywa unga wa kopo lile. Alilitazama kopo kwa muda, hakunijibu.

Wapo watu ambao huangqi ya kweli yaweza kuwadhuru, hata ikiwa safi. Mtu anayetumia dawa za kutuliza kinga, kama aliyepandikizwa figo, hahitaji kitu cha kuiamsha. Vivyo hivyo mwenye magonjwa ambayo kinga inaushambulia mwili wake mwenyewe, kama baridi yabisi au lupasi. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa zake, kitu chochote kinachoweza kushusha sukari zaidi kinataka daktari ajue, kwa sababu sukari iliyoshuka kupita kiasi huangusha mtu kwa haraka kuliko iliyopanda. Na tukumbuke kwamba nchini kwetu dawa hizi zina sheria yake tangu mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalozisajili. Kopo la mama mdogo halikuwa na namba ya usajili popote, nje wala chini ya kifuniko.

Mashapo ya mzee wa manjano nimeyahifadhi katika kichupa maabara, nimekiandika tarehe, na kidato cha tatu watayaona muhula ujao karibu na mashapo ya bamia na ya kotonii ambayo mama mdogo ameahidi kuniletea bamvua lijalo. Asubuhi ya leo mashine imesoma 8.1. Kliniki yake ni Jumatatu, nasi tumekubaliana kwamba kopo tutalibeba, daktari awekewe mezani na aelezwe mambo yote, pamoja na zile wiki tatu.